Upepo Uliopika Ugali

Jumanne, saa nne asubuhi, zikiwa zimebaki siku tatu tu kabla ya Siku ya Utafiti, Shimba aliupata wimbo aliokuwa akiutafuta mwezi mzima, na papo hapo akatamani asingeupata.

Alikuwa amekaa maktaba, kona ya dirisha linalotazama majabali, spika zimezama masikioni, daftari wazi mbele yake. Utafiti wake wa mwaka wa tatu ulikuwa juu ya nyimbo za akina mama wanaoanika dagaa kwenye mwalo wa Ikandula, mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, ng'ambo ya maji, upande wa Sengerema. Shimba alikuwa kijana wa Usagara aliyejifunza kutunga mashairi peke yake, akihesabu mizani vidoleni nyuma ya ng'ombe wa baba yake, na kwa maoni yake hapakuwa na utafiti mkubwa kuliko huo chuo kizima. Aliwahi kulitangaza jambo hilo bwenini, amesimama juu ya kitanda.

Dk. Prudencia, msimamizi wake, alikuwa na maoni mengine. "Una nyimbo ishirini na moja, Shimba, na zote zinasema jua ni kali na mume ni mvivu. Nitafutie mmoja wenye tukio. Kitu kimetokea, watu wakakiimba."

Sasa ulikuwa huu hapa. Katika sauti alizorekodi alisikia vicheko, mchakacho wa dagaa wanaozolewa kwa viganja, kisha Mama Winnie, mmoja wa akina mama hao, akianzisha kwa Kisukuma na wenzake wakipokea. Shimba alirudisha nyuma mara tatu. Kalamu ikamwasha. Na kwa kuwa hakuwahi kuona maneno mazuri akayaacha bila kuyavalisha, akayageuza Kiswahili kwa mtindo anaoupenda:

*Mgeni yu ugalini, sisi tuko na dagaa,*
*Akinawa mikononi, huku tushawaandaa,*
*Toa wabichi chanjani, wakavu waje kukaa,*
*Jabali lako, jirani, limebaki kushangaa!*

Aliusoma ubeti wake akatabasamu. Kisha tabasamu likamkauka, kwa sababu mgeni aliyekuwa ugalini alikuwa Odeta.

Odeta alikuwa binti wa Muleba, mwanafunzi wa sayansi ya vyakula, mrefu, mwenye kutembea kama mtu anayechelewa mtihani hata akienda kunywa chai. Utafiti wake nao ulikuwa hukohuko Ikandula. Kwenye mwalo ule akina mama wameanika dagaa juu ya majabali tangu enzi za bibi zao. Kila jabali lina mwenyewe, na mama humrithisha binti yake jabali kama wengine wanavyorithisha shamba. Miaka ya karibuni wakaja watu wa mradi wakafundisha chanja: fito, miguu minne, wavu juu. Nusu ya akina mama wakahamia kwenye chanja, nusu wakabaki na mawe yao. Odeta alitaka kujua jambo moja tu: dagaa hukauka vizuri zaidi wapi, jabalini au chanjani?

Akachagua majabali sita, akayawekea vitambaa vyekundu vilivyokandamizwa kwa kokoto. Akachagua chanja sita, akazifunga vitambaa vyeupe. Asubuhi alimwaga kilo moja ya dagaa wabichi kila mahali, saa kumi jioni akawapima tena, na uzito uliopungua ndio maji yaliyokwenda na jua. Alifanya hivyo siku kumi na mbili za giza la mwezi uliopita, usiku usio na mbalamwezi, wakati mitumbwi ya dagaa inapoingia kazini.

Yeye na Shimba walijuana kwenye kivuko cha Kamanga, na waligombana kabla ya kushuka.

"Kwa hiyo unavuka ziwa zima kwenda kurekodi watu wakiimba?" Odeta aliuliza.

"Na wewe unavuka kwenda kupima dagaa waliokwisha kufa."

"Wangu wana uzito."

"Wangu wana roho."

"Roho ina gramu ngapi?"

Shimba alikosa jibu, na hilo lilimkera siku tatu. Siku ya nne jibu likampata, lakini Odeta alikuwa ameshalisahau swali. Kufikia hapo Shimba mwenyewe ndiye aliyekuwa akimbebea mizani kutoka kivukoni, na kila alipoulizwa sababu alisema mizani ile ni mali ya umma.

Mchana walikuwa wakila pamoja, maana Ikandula mgeni haachwi akae na njaa. Saa saba ilipofika, ama Bibi Ng'wana Chenge, mkubwa wa akina mama wa mawe, aliwachukua kwake, ama Mama Winnie, kinara wa chanja, aliwapeleka kwake. Ugali wa udaga wa muhogo, samaki sato, mlenda, na baada ya hapo michembe ya viazi vitamu na karanga, na hadithi zisizoisha mpaka saa tisa. Kinasa sauti cha idara kilibaki mwaloni. Bibi mwenyewe ndiye aliyeamua hivyo siku ya kwanza. "Kitundike hicho kidude chako kwenye nguzo, uende ukale. Nyimbo zetu zinamwonea haya kijana mwenye masharubu mapya." Basi wao walikula, na kidude kikasikiliza.

Kumbe kilisikia mengi. Shimba alizipitia sauti zote upya, moja baada ya nyingine, mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka mjini. Akina mama wa mawe nao walikuwa na nyimbo zao za kujisifu, kali kuliko za wenzao. Mikono haikuwa imetulia upande wowote.

Na huku chuoni, utafiti wa Odeta ulikuwa gumzo. Namba zake zilikuwa za ajabu: siku fulani majabali yanashinda kwa mbali, siku nyingine chanja zinashinda kwa mbali. Akazitazama wiki nzima, na mwisho akagundua upepo. Siku za upepo wa ziwani, mshindi alikuwa jabali. Siku za upepo wa nchi kavu, mshindi alikuwa chanja. Siku tisa kati ya kumi na mbili zilikubali, na tatu zilizokataa alizisukumia chini ya ukurasa kwa maandishi madogo, kwamba hali ya hewa haikuwa ya kawaida. Msimamizi wake, Dk. Mutayoba, mzee asiyemsifu mtu, alikuwa akiutaja upepo ule mpaka kwenye foleni ya chai. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kuuwasilisha. Asiyewasilisha Ijumaa, au akikataliwa, hahitimu Novemba na wenzake.

Shimba alifunga daftari. Akiupiga wimbo huu ukumbini, nusu ya watu wanajua Kisukuma, na Odeta ataaibika mchana kweupe. Akiukata, anabaki na jua kali na mume mvivu. Akinyamaza kabisa, Odeta atapewa tuzo kwa upepo wa uongo, atapiga picha nalo, nayo picha itatundikwa sebuleni Muleba. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma kuliko yote, na hakutaka kujiuliza kwa nini.

Akanyanyuka akaenda maabara.

Odeta alikuwa ameinama juu ya bango lake, gundi vidoleni. Katikati ya bango ulichorwa mshale mkubwa wa buluu: upepo.

"Odeta, nina wimbo."

"Shimba, nina kazi."

"Unakuhusu wewe."

"Umenitungia tena? Lile shairi la kwanza lilikuwa na vina vingi kuliko akili."

"Hili si langu. Ni la Mama Winnie." Akamwekea spika masikioni, akabonyeza, na kwa kuwa Odeta hajui Kisukuma zaidi ya salamu, akamtafsiria neno kwa neno, polepole, bila kupamba.

Odeta hakusogea. "Rudia." Akarudia. "Ni wa tarehe ngapi?"

"Kumi na nne."

Akafungua daftari lake. "Kumi na nne. Chanja. Upepo wa nchi kavu."

"Tulikula wapi siku hiyo?"

"Kwa Mama Winnie." Akafunua ukurasa mwingine. "Kumi na tano, jabali."

"Kumi na tano tulikula kwa Bibi. Wewe uliongezwa sato mara mbili."

"Kumi na sita, jabali."

"Kwa Bibi tena. Nina sauti yao hapa. Wanaimba kwamba mgeni akishiba haoni mbali."

Wakaenda hivyo mpaka mwisho wa daftari, yeye akitaja mshindi, Shimba akitaja jungu la nani. Odeta akakaa juu ya stuli. Akautazama mshale wake wa buluu kama mtu anayemtazama ndugu aliyemsema vibaya.

"Siyo upepo," alisema. "Ni ugali."

"Ni ugali."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu saa nne."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukunyamaza?"

Shimba, mtu wa maneno, alianza kukunja waya wa spika, akaukunjua, akaukunja tena. Odeta alimtazama kidogo, kisha akaifunika chupa ya gundi.

"Kesho kivuko cha kwanza," alisema. "Na uje na kidude chako."

Jumatano walivuka na kivuko cha kwanza. Mwezi ulikuwa mkubwa siku zile, mitumbwi imepumzika, na mwaloni akina mama walikuwa wakishona nyavu na kukaza fito za chanja. Bibi Ng'wana Chenge alikuwa juu ya jabali lake, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo, bibi," walisema pamoja.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mbona sura zenu kama mmemeza mwiba? Ngoja nimwambie mtu aweke maji jikoni."

"Bibi, leo hatuli," alisema Odeta.

Habari ile ilifika mwisho wa mwalo kabla hajamaliza kuitamka. Akina mama waliacha nyavu wakaja, wa mawe upande huu, wa chanja upande ule, kwa kuwa ndivyo walivyozoea kusimama sasa. Shimba akainua kinasa sauti akaupiga wimbo.

Odeta alikuwa amejiandaa kuona watu wakiinamisha vichwa. Badala yake vilipasuka vigelegele. Mama Winnie alitupa mabega mbele na nyuma mpaka kilemba kikamwanguka.

"Kumbe imetoka vizuri hivi! Rudisha pale, mwanangu, pale ninapolisema jabali."

"Mama Winnie," alisema Odeta, "mlibadilisha dagaa wangu."

"Tuliwabadilisha, ndiyo. Na hawa wa mawe je? Waulize."

"Sisi siku tano," alisema Bibi, kichwa juu. "Wao nne. Tumewapiga."

"Mlipata upepo, ninyi!" alidakia Mama Winnie.

"Mshindwa hakosi sababu."

"Bibi!" Odeta aliketi chini, palepale kwenye kokoto. "Kwa nini? Niliwakosea nini?"

Kelele zikakatika. Bibi aliteremka jabalini taratibu, akachuchumaa mbele yake.

"Ukosee nini, mjukuu wangu? Tulikupenda. Ulikuja ukatupa vitambaa, vyekundu huku, vyeupe kule. Ukasimama katikati na daftari. Mimi nimecheza ngoma tangu nina meno ya utoto, nimecheza mpaka mashindano ya uwanja wa Bujora. Mtu anayesimama katikati ya pande mbili na daftari namjua ni nani: ni mwamuzi. Na upande unaokaa kimya siku ya mashindano ni upande uliokwisha kushindwa. Tungekaa tu tukiangalia dagaa wakikauka, ungetuonaje? Si ungesema Ikandula hakuna watu?"

"Nilitaka mkae tu mkiangalia."

"Ungesema! Lakini hatukukuibia. Tulikubaliana siku ya kwanza: aliyemlisha mgeni ndiye mwenye zamu. Mwenzake hagusi. Na aliyefanya hila sharti aiimbe, upande wa pili uisikie. Hila isiyoimbwa ndiyo wizi."

Odeta alifuta macho kwa kiganja. Ile akili yake ya kupima ilikuwa haijalala. "Lakini nililinganisha na upepo. Upepo wa ziwani, siku zote ninyi wa mawe. Mlipangaje?"

Akina mama wakatazamana. Ni Mama Winnie aliyejibu, kama anayemweleza mtoto kwamba moto unachoma.

"Ziwa likivuma, sisi wa chanja wote tumeshikilia nyavu huko mwisho zisiruke. Nani atapika? Basi mnakwenda kwa Bibi. Upepo ukitoka nchi kavu, moshi wote unaingia jikoni kwa Bibi, analia kama mfiwa. Basi mnakuja kwangu."

Shimba alimwona Odeta akifumba macho, mabega yakaanza kucheza, akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Nimechora mshale," alisema akihema. "Mkubwa. Wa buluu. Nimeandika kwamba upepo unakausha dagaa. Kumbe upepo unapika ugali!" Akacheka mpaka machozi yakatoka, kisha kicheko kikaondoka na machozi yakabaki. Bibi alimfuta kwa ncha ya kitenge kinachonuka dagaa, na Odeta hakukikwepa.

"Kuna siku tatu," alisema baadaye, akifunua daftari tena. "Siku ambazo hatukula kwa mtu."

"Za msiba wa mzee Malimi," alisema Mama Winnie. "Tulikwenda wote, mawe na chanja."

Shimba alikumbuka. Walikula maandazi juu ya jabali, wawili tu, na kidude kilirekodi mawimbi na yangeyange. Ndizo zile siku tatu zilizokataa upepo, zile Odeta alizozisukumia chini ya ukurasa. Odeta alizisoma sasa kwa sauti. Siku zote tatu chanja zilitangulia, lakini kwa kidogo mno, kama kijiko kimoja cha maji kwa kilo.

"Hizi ndizo za kweli," alisema. "Nilizionea aibu, kumbe ndizo za kweli."

"Kwa hiyo tumeshinda," alisema Mama Winnie.

"Nyamaza wewe," alisema Bibi.

Alhamisi asubuhi Odeta aliingia ofisini kwa Dk. Mutayoba, na Shimba akasimama mlangoni na mizani, ingawa siku hiyo hapakuwa na cha kupima. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, miwani mkononi.

"Kwa hiyo upepo wangu umekufa," alisema.

"Umekufa, mwalimu."

"Nilikuwa nimeshamwambia mkuu wa idara."

"Pole, mwalimu."

Mzee akasugua miwani kwa tai yake, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Binti yangu, siku tatu si utafiti. Siku tatu ni salamu. Ukipanda jukwaani kesho na salamu, wanaweza kukurudisha nyumbani. Ukipanda na upepo, watakupa tuzo, na hakuna atakayejua ila mimi, wewe, huyu mlinzi wa mizani, na Ikandula nzima." Akavaa miwani. "Mimi sikuambii upande jukwaani na nini."

"Nimeshabandua mshale, mwalimu."

Dk. Mutayoba alifungua droo, akatoa karanga zilizofungwa kwenye karatasi, akamsogezea. Odeta alisema baadaye kwamba katika miaka mitatu hajawahi kumwona mzee yule akimgawia mtu karanga.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wa tiba walikaa na wa historia, wa hesabu na wa dini. Mmoja alizungumzia mbu wa mitaroni, mwingine barua za wamisionari, mwingine madaraja. Odeta aliitwa wa saba. Palipokuwa na mshale sasa palikuwa na alama ya gundi, na chini yake jedwali lenye safu mpya: *Chakula cha mchana kilipikwa na nani.*

Alieleza yote, vitambaa, zamu, majungu. Akamwita Shimba na kinasa sauti. Wimbo ulipoanza, waliocheka kwanza walikuwa wapishi wawili wa bwalo waliosimama mlangoni, kisha nusu ya ukumbi, na Shimba alipotafsiri, nusu iliyobaki. Odeta alisubiri wacheke waishe. Hakuwa na haya tena. Alisimama kama Bibi Ng'wana Chenge juu ya jabali.

Mmoja wa majaji, mwanamama wa takwimu, hakuwa amecheka. "Kwa hiyo huna matokeo."

"Nina matokeo ya siku tatu, mwalimu, na sababu ya kutoziamini tisa. Tisa hizo zingeweza kunipa tuzo."

"Na unaomba nini?"

"Giza lijalo. Siku kumi na mbili nyingine."

Majaji waliinamiana wakanong'ona. Shimba alihesabu mizani ya ule mnong'ono vidoleni, bila kujua anachohesabu. Mwisho mwanamama akainua kichwa. Tuzo hapana, alisema, na alama hazitatolewa leo. Arudie kazi giza lijalo, akabidhi kabla ya Agosti, na ikisimama atahitimu na wenzake. Asipokabidhi, mwakani.

Odeta aliinama kwa heshima, akarudi kitini.

Kisha ikawa zamu ya Shimba. Alipanda na kifua chake chote. Alisoma ubeti wake kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapishi, akatua kwenye *kushangaa* kama kunguru anavyotua juu ya paa, na makofi yakamjia. Aliyaacha yammwagikie. Dk. Prudencia alisubiri yaishe.

"Zuri sana, bwana Shimba. Niambie, wimbo wenyewe wa Kisukuma una vina hivi?"

"Hapana, mwalimu."

"Una mizani nane kwa nane?"

"Hapana."

"Mama Winnie alisema 'jirani'?"

Shimba alilamba midomo. "Hilo niliongeza mimi. Kina kilikuwa kinadai."

"Na alichosema yeye pale mahali pa 'jirani' kiko wapi?"

Hakikuwapo popote. Alikuwa amekitoa. Kutoka kiti cha tatu, ilisikika sauti ya mtu ambaye hakunyoosha mkono wala hakuruhusiwa kusema:

"Toa wabichi, tia wakavu!"

Ukumbi ulipasuka. Shimba alihisi damu ikimpanda masikioni. Kwa kitambo kidogo alikuwa tayari kushuka, kutoka nje, kutunga beti ishirini za kumchoma mtu mmoja mpaka majivu. Akamtafuta kwa macho. Odeta alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, ameogopa alichokisema, na macho yake juu ya vidole yalikuwa yakimwomba radhi na kumcheka kwa wakati mmoja. Basi hasira ikakosa mahali pa kukaa.

"Nami naomba giza lijalo, mwalimu," alisema Shimba. "Nizilete nyimbo mbichi."

Giza lilipoingia walivuka tena. Odeta hakuwa na vitambaa. Aliandika namba ndogo kwa chaki ubavuni mwa mawe na chini ya fito, mahali pasipoonekana, akawakusanya akina mama.

"Safari hii hakuna pande," alisema. "Hakuna mshindi. Hakuna wa katikati."

"Basi tutafanya nini sisi?" aliuliza Bibi, kwa huzuni ya kweli.

Odeta alikuwa ameliwaza swali hilo wiki mbili. Akafungua daftari akawasomea kanuni, ile ile ambayo baadaye ilikaa ukurasa wa tatu wa kazi yake, na Dk. Mutayoba aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu asiifute: atakayegusa dagaa wa utafiti, aimbe siku hiyohiyo mbele ya kinasa sauti, na siku hiyo itatolewa kwenye hesabu.

Akina mama waliijadili kwa Kisukuma. Ikaonekana ni kanuni ya watu wenye akili.

"Na chakula?" aliuliza Mama Winnie, akinusa upepo unakotoka.

"Mkilete wote hapahapa. Tutakula juu ya jabali, dagaa wakituona."

Saa saba majungu mawili yalifika, la mawe na la chanja, yakawekwa bega kwa bega. Shimba alitundika kidude kwenye nguzo, akaketi na daftari jipya lenye maneno ya Kisukuma peke yake, bila kina hata kimoja. Odeta alikimega kichwa cha sato, sehemu ambayo mwenye akili hampi mtu ovyo, akamsogezea bila kumtazama.

"Kina gramu ngapi hicho?" aliuliza Shimba.

"Kula."

Jua lilikuwa limesimama, dagaa wanang'aa kote, na akina mama walitulia kama walioko kanisani. Siku ya kwanza ilikuwa inakwenda vizuri mno. Bibi Ng'wana Chenge alitafuna, akameza, akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akaunyoosha mguu wake polepole, na kwa kidole gumba akamsukuma dagaa mmoja, mmoja tu, mpaka akageuka tumbo juu.

Akamtazama Odeta usoni, akavuta pumzi, akaanza kuimba.

Odeta akatafuta kalamu. Shimba alikuwa ameshabonyeza.